Fiqhi ya Kupanga Nyumba: Tujue Tunachokinunua Kabla ya Kupokea Ufunguo

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Maswahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo:

Muislamu akitaka kuoa humwendea sheikh. Akifiwa humwendea sheikh aulize mirathi. Lakini akitaka kupanga nyumba humwendea dalali, na sheikh hupewa habari pale tu ugomvi unapozuka. Ilhali kupanga nyumba ni mkataba wa kisharia wenye nguzo, masharti na haki za pande mbili, na kwa familia nyingi za mjini ndio mkataba unaochukua sehemu kubwa ya kipato chao.

Arusha ni mfano mzuri wa jambo hili. Mji uliokua kuzunguka boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1900 leo ni jiji la wageni: watumishi wa umma waliohamishwa, waongoza watalii, wafanyabiashara, wanafunzi na mafundi. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikaa hapa kuanzia mwaka 1995 hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina makao yake makuu hapa, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilihamia hapa mwaka 2007. Wenye kipato kikubwa hutafuta nyumba Njiro, Sakina au Ilboru. Wenye kipato kidogo hutafuta chumba Unga Limited, Ngarenaro, Sombetini au Muriet. Wote hukutana na sharti moja: leta pango la miezi mitatu, sita, au mwaka mzima kwa mkupuo.

Hapo ndipo uzito wa suala unapoonekana. Mtu hutoa akiba yake yote kwa siku moja, kwa ajili ya nyumba aliyoitazama kwa dakika kumi. Mwezi wa tatu kisima kinakauka, au mwenye nyumba anafariki na warithi wanataka nyumba yao, au mpangaji anahamishiwa Mtwara. Je, pesa za miezi iliyobaki ni za nani? Majibu yapo katika vitabu vyetu vya fiqhi tangu karne nyingi. Tutayaeleza kwa kufuata madhehebu ya Imam Shafi'i, ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, na tutataja madhehebu mengine panapohitajika.

Mpangaji ananunua nini?

Wanazuoni wameiita ijara kuwa ni kuuza manfaa. Mwenye nyumba haiuzi nyumba. Anauza kukaa ndani yake kwa muda maalumu. Qur'ani imethibitisha msingi wa ijara katika Sura At-Talaq aya ya 6, inapoamrisha mama anayenyonyesha alipwe ujira wake, na katika Sura Al-Qasas aya ya 26 na 27, katika kisa cha Nabii Musa (A.S.) aliyeajiriwa kwa muda wa miaka minane.

Nguzo za ijara ni nne: wenye kufunga mkataba, tamko la kutoa na kukubali, ujira, na manfaa. Masharti ya nguzo hizi yote yanarudi kwenye neno moja: kujulikana. Ujira ujulikane, muda ujulikane, manfaa yajulikane, na aliye na haki ya kupangisha ajulikane. Sharia inapiga marufuku gharar, yaani biashara ya jambo lisiloeleweka mwisho wake. Kwa hiyo mpangaji anayeuliza maswali mengi si msumbufu. Anatimiza sharti la usahihi wa mkataba.

Tuanze na muda. Watu wengi hupatana hivi: "Chumba ni elfu hamsini kila mwezi," basi. Lini mwisho? Hakuna anayejua. Katika madhehebu ya Shafi'i, kauli yenye nguvu ni kuwa mkataba wa namna hii haukusihi, kwa sababu muda wote haujulikani. Mahanafi wamesema unasihi kwa mwezi wa kwanza, kisha kila mwezi unaoingia na mpangaji bado yumo unafungamana upya. Desturi ya miji yetu inaafikiana na kauli hiyo ya Mahanafi, na imamu atakayeulizwa aifahamu ili asibatilishe makazi ya nusu ya mji. Lakini lililo salama zaidi ni kutaja muda: miezi sita kuanzia tarehe fulani mpaka tarehe fulani. Faida yake ni kubwa. Muda ukitajwa, mwenye nyumba hawezi kupandisha pango katikati, wala kumtoa mpangaji kwa sababu amepata anayetoa zaidi.

Mwenye haki ya kupangisha naye ajulikane. Katikati ya mji yapo majengo ya Shirika la Nyumba la Taifa, mengine yakiwa ni yale yaliyotwaliwa na Serikali kwa sheria ya mwaka 1971, iliyogusa majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000. Hutokea mpangaji wa jengo akampangisha mwingine kwa bei ya juu. Katika asili ya fiqhi yetu, mpangaji anaweza kuyauza manfaa aliyoyanunua kwa mtu atakayeitumia nyumba kama yeye. Lakini mkataba wake ukimkataza, basi analazimika kutekeleza ahadi yake, kwani Allah (S.W.) ameamrisha mwanzoni mwa Sura Al-Maida kutimiza mikataba. Anayepanga kwa mtu wa namna hiyo anajiweka katika hatari ya kutolewa na mwenye haki. Kwa hiyo swali la kwanza kabisa ni hili: wewe unayepokea pesa zangu, ni nani kwa nyumba hii?

Mlima, maji na makorongo

Manfaa ya nyumba hayajulikani kwa kutazama rangi ya ukuta. Kila mji una aibu zake za nyumba, na aibu za Arusha nyingi zinatokana na Mlima Meru.

Ya kwanza ni maji. Meru ni mlima wa volkano, na maji yanayopita katika miamba yake hubeba madini ya floraidi. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Vyanzo vingi vya pembezoni mwa mlima, hasa upande wa Maji ya Chai na Ngarenanyuki, vinavuka kiwango hicho kwa mbali. Mtoto anayeyanywa wakati meno yake yanaota hupata meno ya kahawia yasiyosafishika, na kwa viwango vikubwa mifupa huharibika. Jambo wengi wasilolijua ni kuwa kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yanapungua kwa mvuke na floraidi inabaki. Mojawapo ya njia zinazoiondoa ni kuchuja kwa mkaa wa mifupa, kazi ambayo kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeifanya kwa miaka mingi.

Hapa kuna masuala mawili tusiyachanganye. Maji hayo ni tohara na yanatoharisha. Fuqahaa wamesema maji yaliyobadilika kwa sababu ya madini ya ardhi yake yanabaki kuwa maji mutlaq, hivyo udhu na janaba ni sahihi. Suala la pili ni dhara kwa mnywaji, na hilo linaingia katika kanuni iliyotokana na Hadithi ya Mtume (S.A.W.) kwamba hapana kudhuru wala kulipizana madhara. Mwenye nyumba anayejua kwamba maji ya kisima chake yanaharibu meno, naye ana mpangaji mwenye watoto wadogo, ni wajibu wake aseme. Mtume (S.A.W.) alipoingiza mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta chini kumelowa, alimkemea muuzaji kwa kuficha na akamtoa mdanganyifu katika mwenendo wake. Aibu iliyofichwa humpa mpangaji khiyari ya kuuvunja mkataba. Basi muulize mwenye nyumba: maji ni ya mamlaka ya jiji au ya kisima? Yanatoka siku ngapi kwa wiki? Mita ni ya peke yangu au ya nyumba nzima?

Ya pili ni makorongo. Mito ya Themi, Naura, Ngarenaro na Burka inashuka kutoka mlimani na kupita katikati ya makazi. Wakati wa kiangazi korongo ni njia ya mbuzi. Wakati wa masika ni mauti. Aprili 2024 katika kata ya Muriet basi lililobeba wanafunzi lilisombwa na maji na watoto wakafariki. Tunamuomba Allah awajaalie kuwa ni akiba kwa wazazi wao. Nyumba inayopangishwa Januari kwa bei rahisi ukingoni mwa korongo iulizwe habari zake za Aprili, na majirani ndio wenye jibu la kweli kuliko dalali.

Ya tatu ni Qibla. Kutoka Arusha Makka ipo kaskazini, na kuegemea mashariki kidogo tu. Aliye mjini huuona mlima upande huo huo wa kaskazini, na wengi wamezoea kusema Qibla ni mlimani. Ni dalili ya kukadiria tu. Kilele kipo mashariki zaidi ya Qibla kwa mtu wa mjini, na kwa mtu wa Usa River kilele kinaangukia kaskazini magharibi. Anayehamia mtaa mpya asitegemee mlima; atazame mihrabu ya msikiti wa karibu. Ama choo kilichojengwa kuelekea Qibla, madhehebu ya Shafi'i hayakukataza ndani ya majengo yaliyoandaliwa kwa haja hiyo, kwa hiyo isiwe sababu ya kuiacha nyumba nzuri.

Jirani, sitara na msikiti

Ipo kauli mashuhuri isemayo jirani atangulie nyumba. Wengi huitaja mimbarini kama Hadithi, lakini wanazuoni wa Hadithi wameidhoofisha sanad yake. Hata hivyo maana yake ina asili madhubuti. Sura An-Nisaa aya ya 36 imeamrisha wema kwa jirani wa karibu na wa mbali. Na katika Sura At-Tahrim aya ya 11 mke wa Firauni alipoomba nyumba Peponi, alitaja kuwa kwa Mola wake kabla ya kuitaja nyumba yenyewe. Wanazuoni wakasema amemchagua jirani kabla ya makazi. Na imepokewa kwa sanad nzuri kuwa Mtume (S.A.W.) ametaja nyumba yenye wasaa na jirani mwema miongoni mwa mambo ya furaha ya mtu.

Arusha ni mji wa dini mchanganyiko. Kupanga kwa mwenye nyumba asiye Muislamu, au kukaa jirani naye, ni halali bila ya shaka, na haki ya jirani ni yake pia. Kinachoangaliwa ni madhara: baa iliyo mlango wa pili na muziki wake mpaka alfajiri, au banda la nguruwe ambalo uchafu wake unatiririka mpaka kwenye kamba yako ya nguo. Mambo haya si mkosi. Yalikuwepo siku ya kutazama nyumba. Ndiyo maana tunashauri nyumba itazamwe mara mbili, mchana na usiku, na usiku wa Jumamosi ukiwezekana.

Kwa wanaopanga chumba katika nyumba ya wapangaji wengi, suala kubwa ni sitara. Choo ni kimoja, bafu ni moja, uani ni pamoja. Mwenye mke na mabinti atazame: mlango wa bafu unafungika kwa ndani? Dirisha la chumba linatazamana na la nani? Ipo njia ya mwanamke kufika msalani usiku bila kupita mbele ya vijana? Amri ya kubisha hodi katika Sura An-Nur aya ya 27 inahusu mlango wa chumba kimoja kama inavyohusu jumba. Chumba kidogo chenye sitara ni bora kuliko kikubwa kisicho na sitara.

Wanaokaa ghorofani wana mfano katika Sira. Mtume (S.A.W.) alipofika Madina alishukia kwa Abu Ayyub al-Ansari (R.A.), akachagua kukaa chini kwa ajili ya wepesi wa wageni wake. Imepokewa kuwa mtungi wa maji ulivunjika juu usiku, na Abu Ayyub na mkewe wakayakausha maji kwa shuka lao la kujifunikia, wakihofia yasimdondokee Mtume (S.A.W.). Anayepanga ghorofa ya juu ajue kuwa sakafu yake ni dari ya mwenzake, na anayepanga ya chini aulize kama mabomba ya juu yanavuja.

Ama umbali wa msikiti, kheri ni kuwa karibu. Lakini asivunjike moyo ambaye kipato chake kimempeleka pembezoni. Banu Salima walipotaka kuhamia jirani na msikiti wa Mtume (S.A.W.), aliwaambia wabaki katika makazi yao kwani nyayo zao zinaandikwa. Hadithi hii ameipokea Imam Muslim. Aangalie tu kama ipo njia salama ya Isha na Alfajiri, na madrasa ya watoto.

Dalali na pesa ya kishika

Kazi ya udalali ni halali, na Imam Bukhari ametaja katika Sahihi yake kuwa Ibn Sirin, Ata, Ibrahim na al-Hasan hawakuona ubaya katika ujira wa dalali. Sharti ni ujira wake ujulikane kabla. Desturi ni pango la mwezi mmoja, na juu yake wengi hutoza pesa ya kuonyesha nyumba. Pesa hii ikielezwa wazi kuwa ni ujira wa kutembea na kuonyesha, ni halali yake hata kama nyumba haikuchukuliwa. Lakini dalali anayeonyesha nyumba anayojua kuwa imeshachukuliwa, ili tu apate ile pesa, anakula mali ya watu kwa batili. Vilevile ni haramu kwa dalali au mpangaji kuingia juu ya mapatano ya mwenzake. Nyumba iliyokwisha kukubaliwa kwa fulani haiongezewi dau, kama Mtume (S.A.W.) alivyokataza Muislamu kuingilia biashara ya ndugu yake.

Pesa ya kishika ni suala la khitilafu. Mtu hutanguliza kiasi ili nyumba isipewe mwingine, na asiporudi pesa inapotea. Fuqahaa wanaiita urbuni. Mashafi'i, Mahanafi na Mamaliki wameikataza. Imam Ahmad ameijuzisha kwa hoja ya tukio linalohusu nyumba hasa: Nafi' bin Abdul-Harith alimnunulia Umar bin al-Khattab (R.A.) nyumba ya Safwan bin Umayya huko Makka iwe gereza, kwa sharti kuwa Umar asiporidhia, Safwan atapata kiasi fulani. Mwaka 1993 Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya nchi za Kiislamu liliijuzisha kwa sharti muda wa kusubiri uwekewe mpaka. Anayetaka kutoka katika khitilafu na airudishe. Anayefuata kauli ya kujuzu basi aandike: mpaka siku gani, na kiasi gani.

Pango la miezi sita ni la nani?

Kutanguliza pango ni halali kwa madhehebu yote yakiwepo makubaliano. Lakini kutanguliza malipo hakuyageuzi manfaa yawe yamekwisha kupokelewa. Mpangaji hupokea manfaa siku baada ya siku. Kutokana na msingi huu masuala yote yanayofuata yanafunguka.

Nyumba ikibomoka, ikisombwa au ikiungua mwishoni mwa mwezi wa tatu, ijara inavunjika kwa muda uliobaki. Mwenye nyumba anachukua ya miezi mitatu na ya mitatu iliyobaki anairudisha. Haijuzu kusema hayo ni majaaliwa ya Mwenyezi Mungu kisha akabaki na pesa. Yakiharibika baadhi ya manfaa na nyumba imesimama, mfano wa paa linalovuja, mpangaji ana khiyari ya kuvunja au kusubiri. Fuqahaa wetu wametaja mfano wa ardhi iliyokodiwa kwa kilimo kisha maji yake yakakatika: mkataba hauvunjiki wenyewe, bali aliyelikodi shamba anapewa khiyari. Nyumba iliyopangishwa kwa sifa ya kuwa na maji kisha yakakatika moja kwa moja inafanana na hiyo.

Mwenye nyumba akifariki, Mashafi'i, Mamaliki na Mahanbali wanasema ijara haivunjiki. Warithi wamerithi nyumba ambayo manfaa yake ya muda ule yameshauzwa. Wangoje muda uishe. Mahanafi wanasema inavunjika, lakini hata kwao pesa za muda ambao haujatumika ni deni linalolipwa kabla ya kugawa mirathi. Imamu anayesimamia mirathi aulize: marehemu alikuwa na wapangaji, na wamelipa mpaka lini? Nyumba ikiuzwa, hukumu ni kama hiyo: uuzaji ni sahihi na mpangaji anamaliza muda wake.

Mpangaji akihamishwa kazi, hapa mzani unaelemea upande wa pili. Mahanafi wanaruhusu kuvunja kwa udhuru. Ama Imam an-Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameeleza katika Minhaj kuwa ijara haivunjiki kwa udhuru wa mpangaji kama safari au maradhi. Kwa hiyo mwenye nyumba hana wajibu wa kurudisha. Njia zilizobaki ni mbili: kumpata mtu wa kukaa badala yake ikiwa mkataba haukukataza, au kuombana iqala, yaani kuachiana mkataba kwa ridhaa. Mtume (S.A.W.) amemuahidi msamaha wa Allah yule anayemkubalia Muislamu mwenzake iqala. Mwenye nyumba aliyepata mpangaji mwingine wiki ile ile, ni jambo gani linalomzuia kuipata fadhila hiyo?

Thamani ya pango nayo ijulikane. Kwa miaka mingi baadhi ya nyumba za Arusha zilitajwa bei kwa dola na kulipwa kwa shilingi, na ugomvi ukawa juu ya kiwango cha kubadilisha. Kanuni za mwaka 2025 zimepiga marufuku kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, na kwa hilo mlango mmoja wa gharar umefungwa.

Lipo pia suala la kodi ya jengo ya Serikali, ambayo tangu Agosti 2021 inakatwa kupitia umeme wa LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapandishwa kuwa 1,500 mwaka 2023. Kodi hii ni ya mwenye jengo, lakini anayenunua umeme ni mpangaji. Kiasi ni kidogo, lakini haki haipimwi kwa wingi. Wapatane tangu mwanzo: ama ikatwe katika pango, ama mpangaji aridhie kuibeba kwa hiari yake.

Matengenezo ni ya nani?

An-Nawawi amesema katika kitabu hicho kuwa ni wajibu wa mwenye nyumba kukabidhi ufunguo na kuitengeneza nyumba, na asipoharakisha kutengeneza, mpangaji ana khiyari. Akafafanua hata theluji: ya juu ya paa ni ya mwenye nyumba, ya uwanjani na takataka ni ya mpangaji. Sisi hatuna theluji katika mitaa yetu, lakini tuna tope na majani yanayoziba mifereji ya paa, na kipimo ni kile kile. Linalohusu uzima wa jengo ni la mwenyewe. Linalotokana na matumizi ya kila siku ni la mkaaji. Shimo la choo likabidhiwe likiwa linafaa kutumika. Likijaa katikati ya muda pana kauli zaidi ya moja, hivyo liandikwe.

Kuna kosa lililoenea. Mwenye nyumba husema, "Ingia, tengeneza, pango lako ndilo hayo matengenezo." An-Nawawi ametaja kuwa ijara kwa ujira wa namna hii haisihi, kwa sababu gharama haijulikani. Njia sahihi ni kutaja pango kwa shilingi kwanza, mkataba ukamilike, kisha mwenye nyumba ampe idhini ya kutumia kiasi fulani katika pango hilo kwa matengenezo, kwa risiti.

Mpangaji naye ajue kuwa nyumba ni amana mkononi mwake. Kilichochakaa kwa matumizi ya kawaida hakilipi. Alichokivunja kwa uzembe analipa. Na pesa ya dhamana iliyowekwa mwanzoni ni mali ya mpangaji. Haiguswi isipokuwa kwa hasara iliyothibiti.

Neno kwa wanaosimamia nyumba za wakfu

Misikiti mingi inaendeshwa kwa pango la vyumba na maduka yaliyowekwa wakfu. Msimamizi wa wakfu si mwenye mali. Haimjuzii kumpangisha ndugu au rafiki kwa bei iliyo chini ya pango la nyumba mfano wake, wala kupangisha kwa anayeuza pombe hata akitoa mara mbili. Wala haimjuzii kuacha paa la wakfu lioze huku akipokea pango. Haki za mpangaji tulizozitaja zote anazo pia mpangaji wa msikiti.

Hitimisho

Sura Al-Baqara aya ya 282 imetufundisha kuandika miamala ya muda na kuweka mashahidi. Basi kabla ya kutoa pango, karatasi iwe na mambo haya: jina la mwenye haki ya kupangisha; nyumba na sehemu zinazoshirikiwa; tarehe ya kuanza na ya kwisha; pango kwa shilingi; maji na umeme vinalipwaje; matengenezo ya nani; dhamana ni kiasi gani na inarudi lini; na nini kitafanyika mmoja akifariki, akiuza au akihamishwa. Wawepo mashahidi wawili. Ni karatasi moja tu, lakini inalinda akiba ya mwaka na udugu wa watu wawili.

Tunawanasihi maimamu wa Arusha na kwingineko walisomeshe somo hili katika darsa, walau mara moja kwa mwaka, kabla wapangaji hawajalipa. Kwani nasaha baada ya pesa kuliwa huwa ni usuluhishi tu. Tunamuomba Allah (S.W.) aturuzuku nyumba zenye wasaa, majirani wema na maji yenye siha, na atujaalie makazi ya kudumu katika Pepo yake. Amin.

Wallahu a'lam.